Somo la Ushairi: Kipokeo na Pendo Lisilokatika

Huko Namoruputh, magharibi ya Lodwar katika nchi ya Turkana, kiangazi hutenga watu. Malisho yapunguapo, vijana huyafuata mbali pamoja na mifugo, nao wazee na watoto wadogo husalia nyuma, wasijue siku ya kuonana tena. Ni desturi ya vijana hao kumwimba kila mtu maksai wake ampendaye, akimsifu rangi na pembe. Katika ngoma ya edonga mmoja huanza na wenziwe humwitikia. Maneno ya mwimbaji hubadilika, bali kiitikio hurudi kile kile.

Mashairi ya Kiswahili nayo yana jambo la namna hiyo, ndicho kipokeo, yaani mstari wa mwisho urudiwao katika kila ubeti. Ajuaye kazi yake atafahamu kwa nini mashairi ya utengano huwashika watu moyo.

Mfano bora ni shairi la "Amina" la Shaaban Robert, mzaliwa wa upande wa Tanga, aliyeishi tangu mwaka 1909 hata 1962. Amina alikuwa mkewe. Alipokufa, mumewe alimtungia maombolezo. Yafaa kuangalia kwamba asema naye kwa jina, kama mtu asemavyo na aliye hai. Beti zaendelea, kila moja na wazo lake. Lakini kila wazo likisha, kipokeo chamrudisha msomaji kwenye agano la wale wawili, ambalo mauti hayakulivunja. Beti hupita kama siku zipitavyo. Kipokeo husimama kama ahadi.

Basi mwanafunzi atakaye kumtungia mwenziwe aliye mbali, malishoni au kazini mjini, na aanze na kipokeo. Kiwe na mizani 16, nane na nane, tena kiwe neno awezalo kulitimiza. Huu ni mfano uliotungwa kwa somo hili:

Njia ndefu hukatika, ahadi haikatiki.

Kisha beti zieleze habari zenyewe: mvua iliyonyesha, mtoto aliyepona, mbuzi waliozaa. Machozi mengi hayahitajiwi. Kipokeo kikiwa cha kweli, asomaye ataujua moyo wa mtunzi. Kikiwa cha uongo, hata kikirudiwa mara kumi hakitageuka kuwa kweli.