Mafuta Yakikosekana

Lori linalochukua mazao yenu hutumia dizeli. Basi pia, na mashine nyingi za kusaga. Tanzania hununua mafuta hayo kutoka nchi za nje. Je, siku yakikosekana, tutaweza kuishi?

Tuitazame nchi ya Kuba. Zamani ilipata mafuta yake mengi kutoka Umoja wa Kisovyeti. Mwaka 1991 umoja huo ulivunjika, na mafuta yakapungua sana. Matrekta yalisimama mashambani. Mabasi yakawa machache. Chakula kilipungua, watu wakakonda. Mwaka 1992 na 1993 watu wapatao 50,000 waliugua macho na mishipa ya fahamu. Sababu mojawapo ilikuwa lishe duni.

Lakini Wakuba hawakukaa bure. Walifundisha maksai kulima. Baiskeli zaidi ya 1,000,000 zilinunuliwa kutoka China. Katika mji wa Havana watu walilima mboga kwenye viwanja vitupu, wakatumia mboji badala ya mbolea ya viwandani.

Basi, watu wanaweza kuishi mafuta yakipungua. Lakini anayeanza kujifunza siku ya shida huumia kwanza. Maksai hafundishwi kwa siku moja. Mboji haiivi kwa usiku mmoja. Tuanze sasa, wakati dizeli ipo.

Maswali ya kujadili
1. Kazi zipi za kijiji chenu hutegemea mafuta?
2. Zipi mnaweza kuzifanya bila mafuta?
3. Nani kati yenu anaweza kuwafundisha wenzake?