Ufunguo au Kufuli? Istilahi za Kuingia Tarakilishi ya Linux kwa Mbali

Makala haya yanafafanua namna ya kuiandaa tarakilishi ya Linux ili mwenyewe aingie akiwa mbali, na kudhihirisha jinsi istilahi isiyofaa inavyoweza kumponza mtumiaji.

Njia inayotumiwa sana ni SSH, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo hicho. Zana za awali kama vile Telnet zilisafirisha nywila waziwazi. SSH huyafumba mawasiliano yote.

Kwanza, katika tarakilishi itakayoingiwa, yenye Ubuntu au Debian, hutolewa amri sudo apt install openssh-server. Programu hii ni mithili ya bawabu anayesubiri kwenye mlango nambari 22. Pili, katika tarakilishi ya msafiri, amri ssh-keygen huzalisha faili mbili: 'ufunguo wa siri' na 'ufunguo wa umma'. Tatu, amri ssh-copy-id hupeleka faili ya umma kwa bawabu. Hatimaye, baada ya msafiri kujaribu na kuingia salama, nywila huzimwa kwa kuandika PasswordAuthentication no katika faili ya sshd_config, kisha huduma huanzishwa upya. Anayezima nywila kabla ya kujaribu huenda akajifungia nje.

Tatizo la kiisimu limo katika hatua ya tatu. Nomino 'ufunguo' imetokana na kitenzi 'fungua', ambacho ni kauli ya kutendua ya 'funga'. Kwa Mswahili, basi, ufunguo hufungua. Ilhali 'ufunguo wa umma' haumfungulii yeyote mlango. Hata ukionekana hadharani hauna madhara. Mwanafunzi anayeambiwa "tuma ufunguo" anaweza kutuma ule wa siri, na atakayeupata, usipolindwa kwa nywila yake, ataingia atakavyo.

Istilahi 'kufuli' ingefaa zaidi: mtu huitundika kufuli mlangoni, akabaki na ufunguo kibindoni. Ni kweli kwamba kihisabati faili ya siri hutia sahihi nayo ya umma huithibitisha, kwa hivyo sitiari ya kufuli haijakamilika. Hata hivyo, inamwelekeza mtumiaji kutenda ipasavyo. Waundaji wa istilahi hawana budi kupima kile ambacho neno litamfanya msomaji atende, wala si usawa wake na neno la kigeni pekee.