SOMO: SANGALA WA ZIWA TANGANYIKA NA WAJIBU WA VYAMA VYA UFIPA

Sangala ni jina la samaki wakubwa wa jamaa moja na migebuka. Wako wa aina tatu, nao hawapatikani popote duniani ila katika Ziwa Tanganyika, ambalo Tanzania hulimiliki pamoja na Burundi, Kongo na Zambia. Katika Mkoa wa Rukwa, ufuko wake ni ule wa Kasanga, Kipili, Kirando na Kabwe.

Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) liliziweka aina mbili kati ya hizo katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka, na ya tatu katika daraja linalofuata.

Sababu za kupungua kwao ni hizi:

1. Uvuvi mkubwa. Meli za nyavu za kuzungushia zilipoanza kazi Burundi na Zambia katika miaka ya 1950 na 1960, sangala ndio waliotangulia kupungua. Dagaa huzaa kabla ya kutimiza mwaka, bali sangala huchelewa kukomaa.

2. Kokoro. Watoto wa sangala hujificha katika majani ya pwani ya ziwa hadi wafikie sentimita 18 hivi, ndipo waende kilindini. Kokoro likikokotwa ufukoni huwazoa wote. Ndiyo maana sheria imelikataza.

3. Udongo. Upande wa magharibi wa nyanda za juu za Ufipa huteremsha maji yake Ziwa Tanganyika, mengine kwa Mto Kalambo. Shamba lililolimwa kwa kufuata mteremko hupeleka udongo ziwani, ukafunika malezi ya samaki.

Yafaa ieleweke basi kwamba mkulima asiyepata kuliona ziwa naye ana sehemu yake. Wafipa wa zamani walifukia nyasi katika vilima vya intumba. Zikaoza zikawa mbolea, na udongo ukabaki shambani.

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 Tanzania ilipumzisha uvuvi ziwani humo. Hatua hiyo ni njema, lakini miezi mitatu haitoshi kumkuza sangala ikiwa kokoro litamngoja ufukoni miezi tisa iliyosalia.

Maswali ya kujadiliwa chamani:

(a) Chama kifanye nini mwanachama akileta sokoni sangala wachanga?

(b) Mashamba yapi ya wanachama hupoteza udongo, na yatalindwaje kabla ya masika?