Kuvuka Tunduma kwa pikipiki ukiwa peke yako

Foleni utaikuta kabla hujauona mji. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hujipanga pembeni mwa barabara kuu, siku mbaya kwa kilomita kadhaa, na madereva wengine huwa wameshawasha jiko chini ya tela wanasonga ugali. Mwenye pikipiki foleni hiyo haimhusu, anaipita. Ila ipite taratibu, na usikatize katikati ya lori na lori. Dereva aliye juu ya semi hakuoni kabisa ukiwa karibu na bampa yake, na foleni ikisogea haipigi hodi.

Mwenye gari akifika mpakani hufunga milango, akaingia ofisini. Watu wawili wenye pikipiki hupeana zamu. Wewe uliye peke yako, kila dirisha unalokwenda, chombo na mizigo vinabaki nje bila mwenyewe. Kwa maoni yangu ugumu wa Tunduma uko hapo kuliko kwenye sheria zake, na dawa yake ni kuingia ukiwa umeshamaliza kazi nyingi, ili usikae ndani muda mrefu.

Kwa hiyo lala Mbeya au Vwawa. Kutoka Mbeya ni kilomita 100 na ushee, unafika asubuhi ukiwa na akili timamu. (Ukilala Vwawa, kimondo cha Mbozi hakiko mbali. Kipande kile cha chuma kilichotoka angani kinastahili kukuchelewesha nusu siku.) Jioni hiyo chukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo, ufute namba ya chasisi pale shingoni mwa usukani, na ya injini pia. Afisa wa forodha atataka kuzisoma, na tope la safari nzima huwa limekaa papo hapo. Zipige picha, uwe nazo kwenye simu.

Halafu panga karatasi. Pasipoti, leseni na kadi ya pikipiki zinajulikana. Kinachokwamisha wengi ni kadi ya pikipiki kuwa na jina la mtu mwingine: uliinunua mkononi hukubadilisha umiliki, au ni ya mkopo na kadi halisi iko kwa aliyekukopesha. Hapo utahitaji barua ya mwenye jina kukuruhusu utoke nayo nje ya nchi, iliyogongwa muhuri wa wakili. Barua hiyo haipatikani mpakani, hata kama kuna atakayekuambia inapatikana.

Tena kuna kadi mbili za njano, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinadumu maisha yote, kwa hiyo usikubali kuambiwa chako kimeisha muda. Ya pili ni bima ya COMESA, inayokulinda ukimgonga mtu nje ya nchi. Tanzania si mwanachama wa COMESA, lakini imo kwenye mpango huo wa bima, na kampuni za bima hapa nchini huiuza. Inunue kabla ya safari, na hakikisha Zambia haikukatwa kwenye orodha ya nchi zilizo kwenye kadi.

Mara yangu ya kwanza kijana mwenye kizibao cha kuakisi mwanga na kitambulisho shingoni alinikimbilia hata sijazima injini. "Bosi, lete kadi nikuwahishie, leo mtandao unasumbua." Nikampa. Karibu saa nzima nilizunguka namtafuta, pikipiki imebaki peke yake, na mwisho nililipa ili nirudishiwe kadi yangu mwenyewe. Vishoka, yaani mawakala wa kujipachika kama huyo, hawaibi kwa nguvu, wanaiba haraka yako. Mtu binafsi mwenye pikipiki yake hana haja kubwa ya wakala kama ilivyo kwa mzigo wa biashara. Karatasi zikae kwenye kibegi cha kifuani, zitoke mbele ya dirisha tu. Malipo ya serikali ya Tanzania huja na kontroli namba, basi yalipe kwa simu ukiwa bado una mtandao wa nyumbani.

Kubadilisha fedha nako kusifanyike juu ya pikipiki ukiwa umevaa helmeti. Shuka, piga hesabu kwa simu yako, usitumie kikokotoo cha mwenye fedha, uhesabu noti kabla hujatoa zako. Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye kwacha mwaka 2013, kwa hiyo noti yenye maelfu ni karatasi tu.

Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019. Utaratibu wake ni kwamba anayetoka Tanzania hukamilisha pande zote mbili akiwa Nakonde, mji wa upande wa Zambia, na anayerudi huhudumiwa Tunduma. Egesha ndani ya uzio mahali mlinzi anapoona, funga usukani, msalimie na umwambie unaingia dirisha gani. Anza na uhamiaji na forodha ya Tanzania, ndipo uende kwa Wazambia. Mtanzania na Mkenya hawahitaji viza kwa ziara fupi. Kwenye forodha ya Zambia utapewa kibali cha kuingiza chombo kwa muda, na kuna tozo za barabara na za hewa ukaa kwa vyombo vya nje. Kila tozo ina risiti yake, nayo utaihitaji kwenye vizuizi vya polisi mbele ya safari.

Usiondoke dirishani kabla hujakisoma kibali hicho herufi kwa herufi, ukilinganisha na picha zilizo kwenye simu. Sifuri ikiandikwa O, chasisi ile si yako tena, na utaligundua hilo siku ya kutoka. Angalia na tarehe ya mwisho, ilingane na safari yako. Ukitaka siku zaidi, omba pale pale.

Saa ya Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwenda unaongezewa muda: saa tatu asubuhi ya Tunduma ni saa mbili Nakonde. Kurudi unanyang'anywa. Ukifika Nakonde saa kumi na moja jioni ukidhani mchana bado upo, upande wa pili ni saa kumi na mbili, giza linakaribia na malori yanaanza kuwasha taa. Fika mapema, tena kirudishe kibali cha forodha kigongwe muhuri. Ukiondoka mpakani nacho mfukoni, kwenye mfumo wao pikipiki bado iko Zambia, na watakudai ushuru wake.