PEPOPUNDA HUINGIA KWA MLANGO GANI?



Katika vihamba vyetu vya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, ng'ombe hufugwa bandani. Samadi yake hupelekwa kwenye migomba na kahawa. Samadi ni mali, ndiyo rutuba ya shamba. Lakini ndani ya samadi na udongo hukaa kijidudu cha pepopunda. Kijidudu hiki hujifunga ndani ya ganda gumu. Hata kikikauka hakifi. Huweza kukaa ardhini miaka mingi kikingoja jeraha.

Wako watu wanaosikia neno "pepo" wakadhani mgonjwa ameshikwa na mashetani. Si kweli. Pepopunda ni sumu. Leo tutajifunza sumu hiyo hupita wapi mwilini.

MSULI HUPATAJE AMRI?

Ukitaka kuinua jembe, amri hutoka kwenye ubongo. Hushuka kwenye uti wa mgongo, kisha hupita katika mshipa wa fahamu mpaka kwenye msuli wa mkono.

Mshipa wa fahamu haugusani na msuli. Kati yao kuna nafasi ndogo sana, isiyoonekana kwa macho. Mshipa humwaga kemikali katika nafasi hiyo. Kemikali huvuka ng'ambo na kugonga vipokezi vya msuli. Hapo msuli hujikaza.

Nafasi hiyo si tupu. Imejaa utandu mwembamba uliofumwa kwa protini. Utandu huo hushikamanisha sehemu za mwili, kama udongo unavyoshika fito za ukuta wa nyumba. Tena una kazi nyingine. Protini moja ya utandu huo huitwa agrini. Mshipa wa fahamu huitoa, nayo huuonyesha msuli mahali pa kukusanya vipokezi. Bila agrini amri haina pa kutua. Wataalamu waliona kwamba panya wasiokuwa na agrini hufa wakati wa kuzaliwa, kwa sababu misuli yao ya kupumua haipati amri.

Protini nyingine ya utandu huo ni nidojeni. Hii hufunganisha protini nyingine za utandu pamoja. Kumbe nidojeni ndiyo sumu ya pepopunda inayoishika ili iingie ndani.

SAFARI YA SUMU

Kijidudu hupenda jeraha lenye kina, lisilopata hewa. Mfano ni la msumari, mwiba, kisiki, au tundu la funza. Humo huota na kutoa sumu. Sumu hufika mahali mshipa unapokutana na msuli. Hapo hushika nidojeni, kisha huingia ndani ya mshipa. Jambo hili lilielezwa mwaka 2014 na wataalamu waliofanya kazi London. Waliwapa panya vipande vidogo vilivyoigwa kutoka kwenye nidojeni. Sumu ilishika vipande hivyo, na panya wakakingwa. Lakini hayo ni majaribio ya panya tu, si dawa ya hospitali.

Sumu ikishaingia katika mshipa, hupanda mpaka uti wa mgongo. Huko ziko amri za namna mbili: "kaza" na "legeza". Sumu huzuia amri ya "legeza". Misuli hukaza bila kuachia.

Damu pia husambaza sumu kwenye misuli mingine. Mishipa ya taya ni mifupi, kwa hiyo sumu humaliza safari yake huko mapema. Ndiyo maana mtu huchomwa msumari mguuni, lakini taya ndilo linalokaza kwanza.

DALILI

Mara nyingi dalili huonekana kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia.
1. Taya hukaza, kinywa hakifunguki.
2. Shingo na tumbo huwa vigumu.
3. Mgongo hujipinda kama upinde.
4. Kelele, mwanga au kuguswa humshtua mgonjwa, naye hukakamaa.

Mgonjwa huwa na akili timamu na husikia maumivu yote. Ugonjwa huu hauambukizi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo msimkimbie. Mpelekeni upesi hospitali kubwa, kama Mawenzi au KCMC mjini Moshi. Dawa ya kupinga sumu hukamata sumu ambayo bado haijaingia katika mishipa. Iliyokwisha kuingia haiwezi kuikamata. Kila saa mnayochelewa ni hasara.

KINGA NI CHANJO

Chanjo hufundisha mwili kuikamata sumu kabla haijafika mlangoni.

Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama mjamzito huchanjwa kliniki, naye humkinga mtoto atakayezaliwa. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, na kisipakwe samadi wala majivu. Kwa juhudi hizo, mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeshusha pepopunda ya watoto wachanga chini ya mtoto 1 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai, katika kila wilaya.

Je, baba? Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliangalia wagonjwa 102 wa pepopunda wa miaka kumi. Karibu wote walikuwa wanaume. Zaidi ya 40 katika kila 100 walikufa. Akina mama hupata chanjo kliniki. Akina baba wengi wanaoshika jembe na panga hawana desturi ya kwenda kuchanjwa.

Sindano 1 haitoshi. Mtu mzima ambaye hajachanjwa huhitaji sindano 5: ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, kisha mbili zaidi, kila moja baada ya mwaka. Hata aliyepona pepopunda lazima achanjwe, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauachi kinga.

UKIUMIA

Osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni. Toa uchafu. Usipake udongo wala samadi. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, ukaeleze umeumizwa na nini na ulichanjwa lini. Usingoje taya likaze. Ukienda shambani, vaa viatu.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini taya hukaza hata kama jeraha liko mguuni?
2. Agrini ina kazi gani?
3. Nyumbani kwako, nani hajachanjwa? Atakwenda zahanati siku gani?