Swali Asiloliuliza Mgonjwa wa Saratani

Mgonjwa wa saratani anapopewa rufaa kutoka Kibondo au Kasulu, huenda akapelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kabla ya safari hiyo ndefu, familia hukaa kikao: nani atamsindikiza, nauli itatoka wapi, je, ng'ombe auzwe au shamba liwekwe rehani? Maamuzi hayo mazito hutegemea jambo ambalo pengine hakuna aliyeliuliza: je, tiba inakusudia kuuponya ugonjwa, au kupunguza maumivu na kurefusha maisha?

Ukimya huo una sababu zake. Mgonjwa humheshimu daktari na kuiona foleni iliyo nyuma yake. Mzee aliyezoea Kiha hushindwa kufuata istilahi za kitaalamu. Wengine hulihofia jibu lenyewe, na ndugu huomba mgonjwa asiambiwe.

Wahudumu nao huhofu kwamba maswali yatamvunja mgonjwa moyo. Utafiti uliofanywa nchini Australia na kuchapishwa mwaka 2007 ulihusisha wagonjwa 174 wenye saratani iliyokomaa. Waliopewa orodha ya maswali kabla ya kumwona daktari waliuliza zaidi ya mara mbili ya wenzao, wala wasiwasi wao haukuzidi.

Kwa mgonjwa

Chagua maswali matatu yanayokuhusu zaidi, uyaandike au umwombe ndugu ayaandike kwenye daftari la kliniki:

1. Ugonjwa wangu unaitwaje, na umefika hatua gani?
2. Tiba hii inakusudia kuniponya au kunipa nafuu?
3. Nisipoipata, nini kinatarajiwa?
4. Nitakaa huko kwa muda gani, na gharama zipi nijiandae nazo?
5. Maumivu yakizidi nikiwa nyumbani, nimwone nani, na dawa nitaipata wapi?
6. Nikiwa na jambo la kupanga na wanangu, je, nilipange sasa?

Si lazima uulize yote. Unayo haki ya kujua, na unayo haki ya kusema, "Hilo nielezeni siku nyingine."

Kwa mtoa huduma

Mpe mgonjwa orodha hiyo kabla hajaingia chumbani. Asiyejua kusoma, asomewe. Kisha anza kwa kumwuliza: "Mama, wengine hupenda kuelezwa yote, wengine kidogo kidogo, na wengine hupenda tuzungumze na ndugu yao. Wewe ungependa tufanyeje?" Ndugu wakitaka afichwe, sikiliza hofu yao, lakini uamuzi ubaki kwake. Panapohitajika mkalimani, mtafute mtu mzima aliyeridhiwa na mgonjwa. Usimtwike mtoto wake mzigo wa kutamka habari hizo.

Akiuliza, "Nitaishi muda gani?" usitaje tarehe, wala usikwepe. Eleza kama unafikiria miaka, miezi au wiki, na kwamba makadirio yaweza kukosea. Usiseme, "Hakuna la kufanya zaidi". Tiba shufaa ipo kwa ajili ya maumivu, kichefuchefu, hofu na faraja ya familia. Mwishoni mwombe akueleze kwa maneno yake alichoelewa, nawe urekebishe palipopotoka.

Kuuliza si ujinga. Familia inayojua kwamba tiba ni ya kutuliza yaweza bado kuamua kusafiri, au kumtunza mgonjwa wao nyumbani na kuliacha shamba kwa watoto. Uamuzi wowote kati ya hiyo waweza kuwa sahihi, mradi umefanywa kwa kujua.