Somo: Haki za mtu anayeulizwa na polisi



Katika mafunzo yetu pamoja na viongozi wa kambi na familia za wakimbizi wa ndani, swali moja hurudi kila mara: "Kijana ametoroka, sasa wamemkamata baba yake. Je, ndiyo sheria?" Hapana, siyo sheria.

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema kosa ni la mtu binafsi. Hakuna anayeweza kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Kwa hiyo mama hawezi kuwekwa kasho ili mwanawe ajitokeze. Wala aliyekimbia kijiji fulani hawezi kuhesabiwa kuwa mwasi kwa sababu tu waasi walipita pale. Sisi tunalitilia uzito jambo hili, maana magomvi mengi kati ya wakimbizi na wenyeji huanza na neno "wale".

Basi mtu akikamatwa, kifungu cha 18 kinataka aelezwe mara moja sababu yake, katika lugha anayoifahamu. Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa, asione haya kusema, "Sifahamu Kifaransa, naomba mnieleze kwa Kiswahili." Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au avoka. Polisi hawawezi kumshika kupita saa 48. Muda huo ukiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya parke. Hapa familia nyingi hukosea: hungoja wiki nzima zikiogopa kuuliza. Andikeni siku na saa aliyokamatwa, kituo alichopelekwa, na nani aliona. Saa zilizohesabiwa kichwani tu ni vigumu kuzithibitisha.

Wakati wa maulizo, OPJ huandika majibu katika karatasi inayoitwa PV, mara nyingi kwa Kifaransa. Mtu halazimishwi kujishtaki mwenyewe wala kukiri kosa. Hivyo ndivyo unavyosema mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976. Kabla ya kusaini, aombe asomewe PV yote kwa lugha yake. Neno asilolisema aombe lisahihishwe. Na tukumbuke, kidole gumba ni saini pia! Tunawaomba wazee wasiojua kusoma walishike sana neno hili, kwa maana karatasi ikishatiwa kidole, kazi ya avoka inakuwa ngumu.

Avoka mwenyewe anaruhusiwa kuwepo tangu kwa polisi, na hata mbele ya idara za usalama (kifungu cha 19). Asiye na pesa aulize ofisi ya mashauri ya bure ya chama cha maavoka.

Kumtesa mtu ili aseme ni kosa la jinai kwa sheria ya tarehe 9 Julai 2011. Hata katika hali ya dharura kama ile iliyotangazwa Ituri na Kivu Kaskazini mwezi Mei 2021, kifungu cha 61 hakiruhusu mateso, wala kumnyima mtu haki ya kujitetea, wala kumfunga kwa ajili ya deni. Mkiambiwa kulipa amande, ombeni risiti, kwa sababu pesa hiyo ni ya hazina ya Serikali.

Viongozi, msiende kituoni na kundi la vijana. Kundi huonekana kama fujo, na aliye ndani ndiye huumia. Nendeni wawili au watatu, mmoja wa familia akiwemo. Salimieni, kisha ulizeni jina la OPJ, sababu ya kukamatwa, na saa mtu alipoingizwa. Kama ana ugonjwa, pelekeni dawa zake siku hiyo hiyo na mmweleze mlinzi ni za nini.